Kiomboi Nzima kwa Jina la Hezekia

Kabla simu hazijaanza kuchagua zipokee nini, gemu yetu ilisafiri mkono kwa mkono. Ulikaa na mwenzako kwenye benchi la Hezekia fundi simu, pale stendi ya Kiomboi, mkasogeza simu zenu karibu, ukamwambia, "Nirushie hiyo drafti," naye akakurushia. Hakuna bando lililoliwa, hakuna aliyeulizwa yeye ni nani. Kondakta wa basi la alfajiri aliichukua kwetu akaifikisha Singida mjini kabla watu hawajanywa chai. Siku ya mnada, waliokwenda Mtinko kuuza mbuzi waliiacha kwenye simu za huko. Niliwahi kupita kwenye foleni ya hospitali nikaisikia ikiongea kwenye simu ya mama nisiyemjua, na mama mwenyewe anacheka peke yake, nikatembea hadi nyumbani kifua mbele. Maneno aliyokuwa akiyacheka niliyatunga mimi.

Ilikuwa drafti ya kwetu, ya vizibo vya soda kupambana na vizibo vya bia, ambayo kingi inakimbia mstari mzima na kula ni lazima. Joshua, rafiki yangu tangu shule ya msingi, ndiye aliyeitengeneza kwa kompyuta ya mitumba iliyokuwa ikizimika ukiitikisa. Mimi niliandika mashairi ya kumtania anayeliwa. Sikufundishwa na mtu kutunga. Nilihesabu mizani kwa vidole nikichunga ng'ombe wa babu, na mpaka leo sijakutana na mtu wa wilaya hii anayeniweza. Lakini sauti haikuwa yangu. Sauti ilikuwa ya baba mdogo Laurenti.

Baba mdogo alikuwa fundi wa mashine ya kukamua alizeti. Umeme ukikatika, na ulikatika sana, mashine ilinyamaza, naye alitoka nje na ubao wake, nguo zinanukia mafuta, akaketi juu ya gunia la mashudu na kuuliza nani leo amechoka kuheshimiwa. Alicheza huku akiongea. Watu walishindwa na mdomo wake kabla hawajashindwa na mkono wake.

Tulipomwomba atuazime sauti alikubali haraka. Tukamkalisha stoo ya mashine, tukamwekea simu mbele, nikampa karatasi yangu. Akasoma kama anayesoma tangazo la msiba.

"Baba mdogo, changamka kidogo," nikamwambia.

"Nimchangamkie nani? Niletee mtu. Siwezi kuitania simu, haijanikosea kitu."

Tukamletea watu. Akaketi Hezekia, kisha Joshua, kisha mama mdogo Evodia, mkewe, aliyekuja na ungo wake wa mchele na hakuacha kuchagua mawe. Hapo ndipo alipofunguka:

Ulikuja kwa maringo, kete zako nimekula,
Sasa umeshika shingo, ati jana hukulala.

"Hilo la kutolala lina mwenyewe," mama mdogo alisema bila kuinua macho, na kicheko cha baba mdogo kilichofuata tukakiacha humo humo kwenye gemu. Kuna pia kuku mmoja anayelia nyuma yake. Joshua alitaka kumfuta. Nilimkatalia.

Baba mdogo alifariki mwaka juzi, alizeti zikiwa zimeinamisha vichwa shambani. Aliondoka, na gemu ikabaki ikitania watu stendi kama kawaida. Kwa muda ilikuwa vigumu kwangu kuisikia. Kwa mama mdogo ilikuwa kinyume. Jioni, akishamaliza kazi zake, aliketi mlangoni na simu yake ndogo, akacheza vibaya makusudi. Alikuwa anaijua drafti vizuri sana, mumewe mwenyewe alikuwa akimkwepa. Lakini ukimshinda baba mdogo kwenye gemu ananyamaza, na yeye hakutaka anyamaze.

Mwaka huu simu ile ilidumbukia kwenye ndoo ya mafuta ya alizeti. Hezekia aliifungua, akaikausha, akaipuliza, akatikisa kichwa. Jesca, binti wa mama mdogo anayeishi Dodoma, akamtumia nyingine, mpya, pana kama sahani. Mama mdogo akaja nayo kibandani ikiwa bado ndani ya boksi lake.

"Shikamoo, mama mdogo," nikamsalimu.

"Marahaba, Clement. Hezekia, niwekee mzee wangu humu."

Hezekia aliichukua simu kwa mikono miwili. Yeye ndiye fundi simu wetu tangu enzi za simu za vibonyezo. Hakuna simu ya Kiomboi ambayo hajaigusa. Akajaribu kurusha gemu kutoka kwenye simu yake. Simu mpya ikaipokea, ikaifikiria, ikaleta maandishi mekundu.

"Inasemaje?" mama mdogo akauliza.

"Imeizuia. Inasema inaweza kuleta madhara."

"Nani, Laurenti?"

"Gemu, mama."

"Gemu ndiyo Laurenti. Mwambie huyo aliyeandika kwamba nimekaa naye mpaka tumezeeka. Madhara yake nayajua mimi."

Hezekia alijaribu njia zake zote, hata zile ambazo huwa anageukia ukutani ili tusione. Simu ikagoma. Akaeleza kwamba hizi za sasa zimefungwa: kitu kisichotoka kwenye lile duka la ndani ya simu, duka la programu ambalo hatujui hata limejengwa nchi gani, hakiingii. Zilianza kufika taratibu. Kila mwezi simu za zamani zilikuwa zinapungua stendi na hizi zinaongezeka, na kila aliyenunua mpya alikuja kuomba drafti akaondoka bila drafti. Tulikuwa tunaona na kunyamaza. Siku ile tulishindwa kunyamaza.

"Nitakuwekea sauti zake tupu," Hezekia akamwambia. "Kama nyimbo. Ukibonyeza, anaongea."

"Hiyo ni redio. Redio inajisemea. Mimi nataka nicheze, anijibu."

Akairudisha simu kwenye boksi, akalifunika vizuri na kwenda zake. Hakutulaumu. Ingekuwa nafuu angetulaumu.

"Tuipeleke dukani," Joshua akasema.

"Nikaombe ruhusa ya nani, kumtania mtu wa Kiomboi kwa maneno ya Kiomboi?"

"Ya mwenye mlango. Au una mlango mwingine?"

Sikuwa nao. Nikamwambia atafute kwanza humo dukani kuna drafti za nani. Ya juu kabisa ilikuwa ya kampuni ya ng'ambo, yenye watu mamilioni. Nikaicheza. Kingi yao inatembea hatua moja moja kama mgonjwa anayejifunza kutembea. Ukila kete hakuna neno. Ukishinda inaleta nyota na tangazo la mafuta ya nywele. Mchezo unamnyang'anya mtu kete zote na hausemi kitu. Nikamwambia Joshua hawa tutawafunga asubuhi na mapema, wakishasikia mashairi yangu. Nilimaanisha. Niliwaona watu wa Mwanza, wa Mombasa, wa kila mahali wanapoelewa Kiswahili, wakitaniwa na sauti ya baba mdogo kwa maneno yangu, na jina langu chini yake.

Joshua akaifanyia gemu matengenezo ikaendana na simu mpya, akapiga picha kitambulisho chake cha taifa, akalipia kiingilio, tukasubiri. Duka likajibu. Likasema kabla ya kutufungulia, gemu ichezwe kwanza na kundi la watu mbalimbali, wiki mbili bila kukatika, ili lione kama ni programu ya watu kweli. Joshua akaonyesha kiungo cha kujiunga. Yeyote tutakayemtumia akikibonyeza anahesabiwa kuwa mjaribu.

Nilicheka. "Watu? Kumbe wanataka watu tu?"

Benchi la Hezekia likajaa. Akaja Yustina wa mgahawa, Rukaiya muuza vitenge, Derick wa bodaboda na wenzake wote, wauguzi wawili waliotoka zamu. Wakabonyeza kiungo, gemu ikaingia kwenye simu zao mpya bila maandishi mekundu, na kibanda kikawa kama zamani: mmoja anacheza, watano wanamwelekeza, na wote wanamwelekeza vibaya. Nikataka kukimbia kumwita mama mdogo. Joshua akanishika mkono, tungoje kidogo tuone duka linasemaje.

Baada ya siku chache akafungua kompyuta yake, akatazama, akaigeuza upande wangu. Palikuwa na mstari mmoja. Wajaribu: mmoja.

Niliwaka. "Kiomboi nzima wanatuita mtu mmoja? Wametuona sote sura moja? Lete hapa." Nikaanza kuwaandikia, na niliwaandikia kwa mizani, kwa sababu hasira yangu huja na vina vyake. Nilikuwa kwenye ubeti wa tatu Joshua alipoomba simu ya Yustina. Akaifungua sehemu ya akaunti. Akaomba ya Rukaiya. Akaomba ya Derick. Akaziweka tatu kwenye meza, akatuita tuangalie. Zote zilikuwa na barua pepe moja. Zote zilikuwa za mtu aitwaye Hezekia Simu Kiomboi.

Tukamgeukia Hezekia.

"Mlitaka nifanyeje?" akasema. "Mtu ameuza alizeti, amenunua simu, anataka apige picha moja awahi basi. Simu inauliza barua pepe. Namuuliza, mzee, una barua pepe? Ananijibu barua zake huwa zinapitia kwa mchungaji. Basi naweka yangu."

"Kwa kila mtu?" Joshua akauliza.

"Pasiwedi moja, siisahau. Mtu akikwama ananipigia, namwelekeza. Kuna aliyekwama nikamwacha?"

Hakuna aliyeweza kusema yupo.

"Ngoja," Yustina akasema. "Ndiyo maana picha za harusi ya Derick zilitokea kwenye simu ya mchungaji?"

"Zile zilijituma zenyewe."

"Na mimi," Rukaiya akasema, "kuna namba iliingia simuni kwangu, imeandikwa Mpenzi Usipokee Mchana. Imenikalisha kikao na mume wangu na wazee wa pande mbili. Hiyo ya nani?"

Pale bodaboda zinapoegeshwa watu wakatulia. Derick aliinama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndala.

Tulicheka mpaka Yustina akakaa chini. Lakini kicheko kilipoisha nilimwona Hezekia anaitazama simu yake. Miaka yote hiyo alikuwa ametubeba sote mgongoni bila kutuambia, na sisi tulidhani kila mmoja anatembea kwa miguu yake. Duka halikutudharau. Liliona tulichoandikisha wenyewe.

"Kwa hiyo dawa ni nini?" nikauliza.

"Kila mtu awe na jina lake," Joshua akasema.

Hezekia akaitikia polepole. "Kwa hiyo mnanihama."

Kuhama kulichukua siku nzima ya gulio na kipande cha iliyofuata. Hezekia mwenyewe ndiye aliyeifanya kazi ile. Alichukua simu moja moja, akajitoa yeye, akamwingiza mwenyewe. Kila mtu alijua jina lake, ila majina yalikuwa yamewahiwa.

"Jina hili limeshachukuliwa," Hezekia akasoma.

"Na nani?" Yustina akauliza. "Anaishi wapi huyo?"

"Ongeza tarehe ya kuzaliwa."

"Siijui. Weka mwaka wa njaa."

Mama mdogo alifika wakati watu wamepungua. Alikaa mwisho wa benchi na boksi lake magotini mpaka zamu yake. Hezekia akamuuliza aandike jina gani, naye akasema Evodia Laurenti, na hilo halikuwa limechukuliwa na mtu yeyote duniani. Joshua akamtumia kiungo. Akabonyeza mwenyewe, kwa kidole cha shahada, kwa nguvu, kama anayebonyeza kengele ya nyumba ya watu.

Akacheza. Alisogeza kete mbili tatu za heshima, kisha akaipeleka kingi yake pembeni kabisa, mahali ambapo hata mtoto asingeipeleka. Simu ikaila. Kisha baba mdogo akasema, na kuku wake nyuma:

Kingi yako uivike, ina baridi pembeni,
Na shuka uifunike, hairudi uwanjani.

"Endelea," mama mdogo akaiambia simu. "Sema yote leo." Akapeleka kete nyingine.

Tulimwacha na benchi. Hezekia alijifanya anatafuta bisibisi, na alikuwa ameishika mkononi.

Zile wiki mbili za majaribio nazikumbuka kama likizo. Watu walicheza kwa sababu walitakiwa kucheza, kisha wakasahau kwamba walitakiwa. Jioni stendi ilikuwa na kelele ya vizibo visivyoonekana. Wazee waliokuwa wakiketi kwenye magunia ya mashudu walirudi, wakaleta na ubao wa kweli, wakawa wanacheza mara simuni mara ubaoni, na wakishindwa ubaoni wanataniana kwa maneno ya baba mdogo, kwa sauti ya baba mdogo, kila mmoja akidai yeye ndiye anayemwigiza vizuri. Nilisimama nyuma yao nikasikiliza. Kuna siku nilitamani umeme ukatike, nione kama mtu atatoka kule mashineni.

Duka likatuma jibu: mmekubaliwa. Palibaki kubonyeza tu gemu itoke kwa watu wote. Nikamwambia Joshua tusiibonyeze wawili peke yetu. Tukaenda nyumbani kwa mama mdogo na kompyuta, Hezekia akatufuata. Mama mdogo akatutengea viti uani, akatuletea uji wa ulezi, akaketi aone.

Joshua akafungua ukurasa wa mwisho. Palikuwa na orodha ndefu ya nchi, na kila nchi ina kiboksi chake. Akabonyeza juu, viboksi vyote vikajaa kwa mara moja.

"Hao wote ni akina nani?" mama mdogo akauliza.

"Ni nchi, mama. Watakaoweza kuipata gemu."

"Huyu?"

"Ufini. Ni Ulaya, kwenye barafu."

"Na wa Ufini anamjua Laurenti?"

Joshua akanitazama mimi. Nikaweka bakuli chini. "Hamjui, mama mdogo. Ndiyo atamjua sasa. Dunia nzima itamjua."

"Atamjuaje? Atasikia mtu anamsema." Akakung'uta kitenge chake. "Baba yenu alikuwa na mdomo, lakini hakuwahi kumtania mgeni. Mgeni akija pale mashineni alimpa kiti, akampa maji, akacheza naye kimya. Mpaka ajue kwao ni wapi, ameoa wapi. Hata nyie hapa, angekuwa amekaa, angeanza na shikamoo zenu kwanza."

Ilikuwa kweli. Niliwahi kuona wageni wakilalamika kwamba wamesikia sifa za mdomo wake na hawajausikia.

"Tuweke Tanzania peke yake," nikasema.

"Tanzania yote inamjua?"

"Singida basi."

"Duka halina Singida," Joshua akasema. "Lina nchi tu."

"Mama mdogo," nikasema, na nilijisikia sauti yangu inapanda, "mashairi yale ni yangu. Kuna watu wa ng'ambo wanacheza drafti bubu na wanajiita wa kwanza. Nimesubiri mlango huu. Umefunguliwa."

"Mashairi ni yako, mwanangu. Yatoe. Yasome wewe, kwa mdomo wako, nitakuwa wa kwanza kukusikiliza. Ila mume wangu sitaki aingie nyumba za watu asiowajua, akaanza kuwatania kabla hawajasalimiana."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa anainamisha bakuli langu kuona kama nimemaliza. Zamani gemu ilipokuwa inarushwa, kila aliyeipokea aliipokea kwa mtu. Yule mama wa foleni ya hospitali alirushiwa na mtu aliyerushiwa na mtu aliyewahi kuketi kwenye gunia la mashudu. Nilikuwa nikiona njia ile ni ndogo.

"Nikizifuta nchi zote," nikamuuliza Joshua, "ya kwake itazimika?"

"Hapana. Tusipoitoa, inabaki kwenye majaribio. Walio kwenye kundi la majaribio wanaendelea nayo. Wengine hawataiona hata wakiitafuta."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka sisi tuseme imetosha."

Hezekia akacheka. "Kwa hiyo sisi ndio wenye mlango."

Nikaushika mshale wa kompyuta mimi mwenyewe. Nilianza Ufini. Kisha nikabonyeza juu, viboksi vyote vikawa vitupu, na Joshua akafunga kompyuta. Tumekubaliana kutengeneza gemu nyingine, ya kushindana na wale wa ng'ambo, sauti yangu, mashairi mapya. Nimeshaandika mengi. Ni makali. Lakini nikiyasoma mbele ya simu, peke yangu chumbani, nayasoma kama tangazo la msiba.

Ile ya kwanza iko palepale kwenye majaribio, na duka kila baada ya muda linatukumbusha kwamba tuko tayari kutoka. Anayetaka kuingia huja kibandani na mtu wa kumsemea, na neno la mwisho ni la mama mdogo. Juzi Rukaiya alikuja kumwombea mkwewe anayefuga nyuki Rungwa.

"Alicheza na Laurenti?" mama mdogo akauliza.

"Hakumkuta, dada. Ila amemwoa binti yangu wa pili, yule aliyekuwa akimpelekea Laurenti chai mashineni."

"Anaitwa nani?"

"Leonard."

"Watu wake ni wa wapi?"

Rukaiya akaeleza, akafika mpaka kwa babu wa yule kijana, na walipofika hapo wote wawili wakagundua kuna harusi waliyohudhuria pamoja. Mama mdogo akamgeukia Hezekia.

"Mwingize," akasema. "Ila mwambieni asijidai anajua drafti. Huyo mzee hana huruma na wakwe."